Deni la Anayeondoka

Mwanafunzi aliyejitolea shuleni au kwenye kituo cha afya akikaribia kufunga mizigo, huombwa aandike maneno machache ya kumwachia atakayemfuata. Nimesoma maandishi mengi ya aina hiyo, hasa ya vijana waliopita katika shule za msingi za Kitengela na zile zilizo ndani zaidi, kuelekea Isinya na Kajiado mjini. Karibu yote yanafanana. Njoo na gambuti, kwa kuwa mvua ikinyesha udongo mweusi wa huku hunata kwenye viatu mpaka mtu ashindwe kuinua mguu. Chemsha maji. Beba sweta, Julai kuna baridi. Jioni usiharakishe kwenda Nairobi, msongamano wa Mlolongo utakulaza njiani. Watoto watakupenda. Yote ni kweli, na aliyeandika alikuwa na nia njema. Lakini ukiyasoma tena utaona anayezungumziwa ni nani: ni mgeni mwenyewe, mwili wake, safari zake na moyo wake. Shule iliyompokea haimo.

Mimi naamini anayekuja anahitaji kitu kingine kabla ya gambuti. Anahitaji kuambiwa ni kazi gani ilianzishwa ikabaki katikati, nani aliahidiwa nini, na ahadi hiyo imefika wapi. Anahitaji kukabidhiwa madeni. Habari za baridi na vumbi atazipata kwa yeyote atakayeketi naye kwenye matatu, tena bure. Habari za ahadi ziko kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo anaondoka Ijumaa.

Kitengela, zaidi ya sehemu nyingine ninazozijua, huchakaza ushauri upesi. Mji uko kilomita 30 hivi kusini ya Nairobi, kwenye barabara ya Namanga. Kabla ya 1988 nyanda hizi zilikuwa ranchi ya kikundi, ardhi ya familia za Wamaasai iliyomilikiwa kwa pamoja chini ya sheria ya 1968. Mwaka huo ranchi ikagawanywa. Kila mwanachama akapata kipande chake, na vipande vikazidi kukatwa vipande, hadi vikafika kwenye ploti za kujenga nyumba moja. Viwanda vya saruji vya Athi River na eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje vikaleta wafanyakazi waliotafuta pa kupanga. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 150,000 mjini. Darasa moja hapa linaweza kuwa na watoto wanaoongea Kimaasai, Kikamba, Kikuyu na Kiluo nyumbani, kisha wote wakakutana kwenye Kiswahili na Sheng uwanjani.

Sasa chukua daftari la mwanafunzi wa miaka michache iliyopita, lisemalo kwamba watoto wa upande wa mbugani hufika shuleni kwa nusu saa wakikata uwandani. Njia ile imeshafungwa na seng'enge. Mtoto yuleyule leo anazunguka kwa muda mrefu zaidi, na mgeni anayefuata daftari atamwandika mchelewaji. Hata ua lenyewe lina historia ambayo mgeni anafaa kuijua. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa 1946, iliachwa wazi upande wake wa kusini, na nyumbu na pundamilia walitoka humo kuja kulisha kwenye nyanda hizi wakati wa mvua. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kila mwaka, ili wasizungushie ua wala kuuza vipande. Malipo yalipangwa yafike karibu na siku za kufungua shule, na fedha nyingi ziliishia kwenye karo. Kwa hiyo mzazi wa Kitengela anapozungumza juu ya seng'enge huenda anazungumza pia juu ya karo ya binti yake, na kijana aliyekuja kufundisha hesabu akipitwa na hilo, amepitwa na hesabu kubwa kuliko ile iliyo ubaoni.

Ukishuka hadi Kajiado mjini, umbali wa kilomita 50 hivi, mambo ni mengine kabisa. Siku ya mnada wa mifugo ndiyo inayopanga wiki. Mkutano wa wazazi ukiitishwa siku ya mnada utahudhuriwa na walimu tu. Maji yana bei, na kisima kimoja kina chumvi kuliko kingine. Ulizia kipi ni cha kunywa na kipi ni cha kufulia, kwa maana maji ya visima vingi vya huku yana floraidi nyingi, ndiyo maana utaona meno ya kahawia kwa watoto ambao hawajawahi kukosa kuyasugua. Usimfundishe mtoto huyo kupiga mswaki kana kwamba kosa ni lake. Na salamu: mtoto wa Kimaasai akikuinamishia kichwa, weka kiganja chako utosini mwake, taratibu, ndipo umjibu. Anakupa heshima apewayo mtu mzima, hata kama wewe una miaka 20 na unajiona kijana mwenzake. Mwenye kuipokea heshima hiyo amekubali pia kuwa mtu mzima mbele yake, na maneno ya mtu mzima huhesabiwa.

Ndiyo sababu ahadi ndogo huwa nzito sana huku. Nitatuma vitabu. Nitaleta picha mliyopigwa. Nikifika nyumbani nitamtafuta mtu wa kukulipia shule. Sentensi kama hizi hutoka siku ya mwisho, watu wakiwa wanalia, na anayezisema anazimaanisha. Halafu anarudi kwenye mitihani na kodi ya chumba, na maisha yake yanaendelea kwa haki. Mtoto naye anaendelea kungoja. Anapokuja mwanafunzi mwingine kutoka shirika lilelile, kwa mtoto huyo ni mtu yuleyule amerudi na sura nyingine: mbona vitabu hamjaleta? Mgeni mpya anashangaa, anacheka kwa haya, na bila kujua analipa kwa aibu yake deni ambalo hakuna aliyemwambia lipo.

Deni kubwa kuliko la vitabu ni la kazi yenyewe. Mpango wa Uwezo ulipoanza kupima watoto nyumba kwa nyumba nchini Kenya, kazi iliyofanywa na watu wa kujitolea wa vijijini wenyewe, matokeo ya mwanzo yaliishtua nchi: katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, watatu tu hivi ndio waliomudu kazi ya darasa la pili. Tangu hapo wengi wanaojitolea shuleni huombwa wasaidie kusoma. Hupima watoto, huwapanga kwa kiwango chao badala ya darasa lao, na kwa wiki kadhaa mambo huenda vizuri kwa sababu njia hiyo ni nzuri. Kisha muhula wa chuo unafunguliwa na kijana anaondoka. Atakayemfuata hapati orodha, au anapata orodha isiyoeleza chochote, basi anaanza upya kwa kupima. Wapo watoto waliosomeshwa kifungu kilekile cha majaribio na kila mgeni aliyepita, mpaka wamekikariri. Wanapimwa vizuri kila mwaka na hawavuki. Ningetamani kila anayeondoka aandike jambo hili moja kwa uangalifu kuliko yote: mtoto huyu aliishia silabi gani, alikuwa anakwama wapi, na ni zoezi lipi lilimfungua. Kurasa mbili za namna hiyo zinaokoa mwezi mzima wa mtoto.

Wenyeji wa Kajiado wana utaratibu wa kurithishana ambao hunijia akilini kila ninapowaza juu ya makabidhiano. Rika jipya la vijana wa Kimaasai halilelewi na rika lililo juu yake moja kwa moja. Hulelewa na rika la pili kwenda juu, wazee wanaowawashia moto kwa kijiti cha kupekecha, na kuanzia hapo wao ndio olpiron wao, wenye haki ya kuwaonya na wajibu wa kuwatetea. Rika lililotangulia tu haliwezi kazi hiyo. Liko karibu mno. Limetoka sasa hivi kwenye umorani, bado linashikilia sifa zake, na lina ushindani na hawa wanaopanda.

Naona busara kubwa hapo. Aliyeondoka jana bado ana majonzi na fahari, na atamweleza mwenzake mambo kama anavyotaka yakumbukwe. Atasema klabu ya kusoma ilifaulu, kwa sababu alipoiacha ilikuwa imejaa. Mtu wa miaka mitatu nyuma, kama alibaki akipiga simu na kurudi kusalimia, anajua klabu ipi ilikufa wiki ya pili na ipi ilichukuliwa na mwalimu ikawa ya shule. Anajua kwamba mapipa ya kuvunia maji ya mvua yanatumika hadi leo na kwamba bustani ya mboga ilikauka Agosti ya kwanza. Kwa hiyo mashirika na vyuo vinavyotuma vijana Kajiado vingefanya jema kumkutanisha mgeni na yule wa zamani kabla ya kumkutanisha na anayefunga mizigo.

Utaratibu wa rika, hata hivyo, ni wa wanaume, na shuleni waliowaona wageni wengi zaidi ni wanawake: mwalimu wa gredi za chini na mama mpishi. Hao ndio wamewafundisha kazi vijana wote hawa, mwaka baada ya mwaka, bila cheti wala shukrani kwenye ripoti. Mama mpishi anajua ni mtoto gani hula nusu ya githeri na kufunga nusu ampelekee mdogo wake. Anajua ni nani huja shule kwa sababu ya sufuria ile, na kwamba siku mahindi yakiisha darasa litapungua. Mwalimu anajua tofauti ya mtoto aliyeacha shule na mtoto aliyefuata malisho. Katika ukame wa kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa kufuatana. Ng'ombe walikufa kwa wingi Kajiado, na familia zilisogeza mifugo iliyobaki mbali na nyumbani, mara nyingi pamoja na wavulana wa kuichunga. Daftari la mahudhurio halikuonyesha sababu hizo. Lilionyesha nafasi tupu. Kijana anayejitolea akiona jina lisilo na alama kwa majuma, asilifute kwenye kundi lake la kusoma kabla ya kumuuliza mwalimu. Mvua ikirudi, mvulana atarudi, na atatazama kama kiti chake kipo.

Kuna pia mambo ambayo hayafai kurithishwa kabisa, na hapa nataka kusema kwa uzito. Msichana akikueleza siri, kwamba nyumbani kuna mipango ya kumwoza au kumkeketa, hiyo si habari ya kumwandikia atakayekuja mwezi ujao. Ni ya leo, na ina mahali pake: mwalimu unayemwamini, afisa wa watoto wa serikali, au simu ya watoto, nambari 116, isiyotozwa malipo. Ukeketaji umekatazwa kwa sheria yake tangu 2011. Kajiado yenyewe ina mfano wa kujifunzia. Shule ya wasichana ya AIC mjini Kajiado, chini ya mwalimu mkuu Priscilla Nangurai, ilikuwa kimbilio la wasichana waliokimbia ndoa za mapema, na kazi ile iliwezekana kwa sababu yeye alikuwepo, miaka nenda miaka rudi. Baba aliyekuja kwa hasira alimkuta. Alimkuta tena mwaka uliofuata, na pole pole mazungumzo yakawezekana. Mgeni wa wiki nane hana muda huo wa kusimama mlangoni. Anachoweza ni kumfikisha msichana kwa mtu aliye nao, kisha kunyamaza. Jina la msichana lisionekane kwenye daftari lolote, wala picha yake kwenye simu ya mtu. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, lakini hata sheria isingekuwepo, msichana huyo ana haki ya kutojulikana na msururu wa vijana wema.

Makao ya watoto ndiyo mahali ambapo ushauri wa zamani umepitwa kabisa. Kitengela na viunga vyake vimepokea wanafunzi wengi katika makao hayo, wengi wao kutoka ng'ambo, na maandishi yao yamejaa mapenzi: mkumbatie kila mmoja, cheza nao, wanahitaji upendo wako. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya hisani, na 2022 ikatoa mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kwenye familia na jamii zao. Nyuma ya hatua hizo kuna maarifa yaliyokusanywa kwa miaka katika nchi nyingi: mtoto anayezoea mtu mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaondoka, hujifunza kumkimbilia yeyote anayeingia getini na kutomtegemea hata mmoja wao. Yule mtoto aliyekurukia shingoni siku ya kwanza, na ukafurahi, huenda alikuwa anakuonyesha jeraha. Anayetaka kusaidia watoto hao leo anafaa kuuliza kwanza familia zao ziko wapi na nani anazitafuta. Pengine kazi yake itakuwa kupanga faili, kusindikiza afisa wa ustawi wa jamii hadi kwa bibi wa mtoto kule Mashuuru, au kumfundisha hesabu mtoto aliyekwisha kurudi nyumbani. Ni kazi isiyo na picha nzuri, nami naiona ndiyo iliyo bora.

Inafaa kukumbuka kwamba mwanafunzi wa kujitolea hakuanzia kwa mgeni wa kutoka mbali. Vijana wa Peace Corps wa Marekani walifanya kazi Kenya kuanzia miaka ya 1960 hadi 2014, na wengi walifundisha katika shule za mashambani. Lakini nchi yenyewe ilikuwa na Huduma ya Vijana kwa Taifa tangu 1964, na kati ya 1984 na 1990 wote waliokuwa wakielekea chuo kikuu walipitia kambi zake kwanza. Mwaka 2014 ukaanza mpango wa G-United, uliowapeleka wahitimu wa vyuo kusaidia kusoma katika shule za kaunti zisizo zao, ili kijana wa ziwa aonje maisha ya mlimani na wa mlimani aonje ya pwani. Na katika mtaala mpya, huduma kwa jamii ni sehemu ya masomo ya shule ya sekondari ya juu. Maana yake ni kwamba wanaofuata hawatakuwa wachache wanaoshuka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na mabegi mgongoni. Watakuwa vijana wa Kitengela wenyewe, wengi, wakivuka barabara kwenda shule waliyosomea utotoni. Hawatahitaji kuambiwa juu ya udongo mweusi. Watahitaji kujua nani alianzisha nini, na kwa nini kilisimama.

Kwa hiyo, wewe unayeondoka, kabla hujaandika, keti jikoni na mama mpishi, halafu na mwalimu wa darasa, uwasomee unachokusudia kuacha. Uliza: nimemwahidi nani kitu nikasahau? Watakumbuka, hata zile ahadi ulizodhani ni mazungumzo tu. Waambie wafute kisicho kweli. Kama kuna ahadi ambayo hutaweza kuitimiza, mfuate mwenyewe aliyeahidiwa umwambie kabla ya kuondoka, ana kwa ana, hata kama ni mtoto wa miaka tisa. Usimwachie mwenzako kazi hiyo. Zilizobaki ziandike kwa tarehe, na kwa jina la mtu mzima wa shule anayezijua. Nakala moja mpe atakayekufuata. Nyingine ibaki ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa sababu huenda mwaka ujao asije mtu, na klabu ya kusoma iendeshwe na mwalimu peke yake.